Mheshimiwa Alilala Kuanzia Shahidi wa Pili

Benchi letu liko ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la mahakama, chini ya kibaraza cha fundi cherehani. Ukikaa upande wa kushoto unaliona dirisha la chumba cha mashauri, na ndani yake feni inayozunguka taratibu kiasi kwamba ukiitazama kwa muda unasahau ulitaka kusema nini. Mchana, watu wa ofisini wakisharudi ndani, barabara husinzia. Mvuke wa kahawa hupanda wima, husimama kidogo usawa wa nyuso zetu, kisha huondoka kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Wanaokaa hapo ni wachache na majina yao nayajua sawasawa. Fundi cherehani mwenye kibaraza ni Sindano. Wako wanaomwita Masindano, wanakosea. Wa pili ni Rufaa, fundi bomba, aliyeshindwa shauri la mpaka wa ukuta miaka mingi iliyopita na tangu hapo hakubali jambo lolote kwa mara ya kwanza, hata akiambiwa leo ni siku gani. Wa tatu ni Ndoto, mlinzi wa usiku, ambaye mchana ndio usiku wake. Muuza kahawa ni Shangazi, ingawa si shangazi wa yeyote kati yetu. Mimi wananiita Karani, kwa sababu nilikuwa karani wa bohari, na kwa sababu daftari la benchi naliandika mimi.

Alhamisi hiyo hati ya mahakama ilikuwa imelazwa katikati ya benchi, imekandamizwa kwa kikombe isipeperuke.

Rufaa: Isome tena, Karani. Polepole. Sheria haipendi kusomwa mbio.

Nikaisoma kwa mara ya tatu. Ilisema kwamba Shangazi, na hapo waliandika jina lake lote na waliliandika sawa, afike mbele ya Mheshimiwa Hakimu kesho Ijumaa saa tatu asubuhi, aeleze kwa nini asiadhibiwe kwa kosa la kuidharau mahakama, kwa kuwa alitawanya maandishi ya kumkejeli hakimu.

Shangazi: Kutawanya. Mimi natawanya karanga.

Sindano: Ndizo zilizokuponza.

Inafaa nieleze. Kila Jumanne mchana tunaendesha mahakama yetu hapo benchini. Mashauri ni ya kwetu wenyewe: nani alisema mvua itanyesha na haikunyesha, nani alikalia kofia ya mwenzake. Mmoja huwa hakimu kwa zamu, wengine huwa mashahidi, na mimi naandika mwenendo wa shauri katika daftari lenye jalada jekundu, ambalo hulala chini ya benchi pamoja na vikombe. Shangazi naye hununua madaftari ya wanafunzi yaliyokwisha, yenye jalada la buluu, huchana kurasa na kuzikunja koni za karanga. Hajui kusoma. Jekundu haligusi, la buluu analichana, na mpango huo haukuwahi kuharibika kwa miaka. Mwezi uliopita dukani hayakuwapo mekundu. Nikanunua la buluu, nikaliweka mahali pake, nisimwambie.

Ukurasa uliochanwa ulisema hivi: “Mheshimiwa alilala kuanzia shahidi wa pili hadi mwisho. Alipoamka aliuliza kama mvua imenyesha. Aliambiwa haijanyesha. Ndipo akatoa hukumu.” Mheshimiwa huyo alikuwa Ndoto. Siku zote nimeandika Mheshimiwa Ndoto, kwa ukamilifu. Jumanne ile mstari ulikuwa umekwisha na wino ulikuwa ukikwaruza, nikaliacha jina. Tarishi wa mahakama akanunua koni hiyo, akaipeleka ofisini kwa hakimu. Inasemekana hakimu alizila karanga zote kwanza, ndipo akaifungua karatasi.

Na mji mzima unasema hakimu huyo analala kwenye kiti.

Tangu hati ilipoletwa juzi, hakuna mtu pale benchini aliyetamka mwandiko ule ni wa nani. Ilikuwa heshima yao kwangu, na mimi nilikuwa nimeipokea kama mtu anavyopokea kikombe cha pili, bila kuuliza.

Sindano: Dawa ni moja. Aende aseme Mheshimiwa wa kwenye karatasi ni huyu Ndoto hapa.

Rufaa: Nakata rufaa.

Sindano: Hujasikia hata mwisho.

Rufaa: Mwisho wake naujua. Ukimwambia hakimu, “Si wewe, ni Ndoto,” umemwambia nini? Umemwambia, “Tulikuangalia vizuri tukaona hata wewe ungefaa.” Hiyo dharau ya pili juu ya ya kwanza.

Sindano: Kwani halali?

Rufaa: Analala. Nani asiyejua?

Sindano: Sasa kosa liko wapi?

Rufaa: Ndipo lilipo. Ungesema hakimu anapaa na mbawa, nani angekushtaki? Wangecheka. Ukipenda chongo huita kengeza.

Sindano: Chongo imeingiaje?

Rufaa: Imeingia kwa kusinzia. Jicho moja limefumba, jingine linahesabika.

Ndoto alikuwa ameegemea nguzo, macho amefumba, kikombe kimetulia juu ya goti lake. Hakimwagi kamwe. Akasema bila kufumbua macho:

Ndoto: Watampa wiki ngapi?

Rufaa: Kwa dharau? Inategemea kivuli.

Shangazi: Kivuli gani tena, mwanangu?

Rufaa: Cha jengo. Sikilizeni. Dharau inahesabiwa pale mahakama inapofika, siyo? Na mahakama ni nini? Ni ukuta, na paa, na kivuli chake. Jengo halina kivuli cha mtu mwingine. Sasa tazama. Saa tisa kivuli kinavuka barabara. Saa kumi kinashika mguu wa benchi. Neno ukilisema saa nane, umelisemea barabarani. Neno hilohilo ukilisema saa kumi, umelisemea ndani.

Sindano: Na siku ya mawingu?

Rufaa: Siku ya mawingu nchi nzima iko mahakamani.

Sote tukakitazama kivuli. Kilikuwa kimefika katikati ya barabara na kilikuwa kimenyooka, ukingo wake mkali kama wa kitambaa kilichokatwa kwa mkasi mpya. Mbwa mmoja alikuwa amelala nusu ndani yake, nusu nje. Sikuweza kuona kikitembea, lakini nilipoyarudisha macho kilikuwa karibu zaidi.

Sindano: Nyie mnazungumza kivuli. Mimi nimelishika joho lake kwa mikono hii.

Shangazi: Lini?

Sindano: Mwaka jana. Lililetwa nilitie kiraka. Limechakaa kiwiko kimoja tu, cha kulia. Mtu anayeandika huchakaza kwa chini, hapa. Lile limechakaa hapa, anapoegemeza shavu.

Rufaa: Ushahidi huo.

Sindano: Ngoja, sijafika. Nikalifungua bitana. Ndani kuna bitana nyingine, ya zamani, na ndani ya ile kuna nyingine. Joho lile si lake. Lilikuwa la hakimu aliyepita, na la aliyemtangulia. Wote walikuwa wakilala. Usingizi wa watu wawili umeshonewa humo. Nilivyolifungua tu, nikapiga miayo mpaka Jumapili. Mke wangu ananisemesha, nasikia sauti kama iko chini ya maji.

Rufaa: Kwa hiyo mwenyewe halali?

Sindano: Mwenyewe yuko macho kabisa, maskini. Joho ndilo linalolala. Yeye anakaa mle ndani anangoja liamke. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Methali haikuhusika, lakini hakuna aliyempinga. Ulikuwa mchana wa namna hiyo. Maneno yalikuwa yakiteremka kwetu polepole kama vumbi kwenye mwanga, na kila mtu alichukua lililomwangukia.

Shangazi: Kesho nikamwambie hivyo? Nikamwambie, “Baba, si wewe, ni nguo”?

Sindano: Mwambie kwa adabu.

Ndoto: Hamjui kulala nyie.

Ndoto akisema jambo tunanyamaza, kwa kuwa hatujui kama atalimaliza.

Ndoto: Mtu anayelala na mtu aliyefumba macho ni wawili. Mimi nalinda bohari la mbao. Nikiwa nimefumbua macho naona mlango tu. Nikifumba naona kila ubao, na ubao uliopinda, na panya aliye nyuma yake. Sasa shahidi anasema, “Nilikuwa sokoni.” Hakimu atajuaje? Anafumba macho, anakwenda sokoni kuangalia. Inachukua muda. Soko liko mbali.

Rufaa: Na akirudi?

Ndoto: Akirudi anauliza kama mvua imenyesha. Kwa sababu huko alikokuwa ilikuwa inanyesha.

Shangazi alikuwa anapangusa kikombe ambacho kilishapanguswa.

Ndoto: Tena inawezekana bado hajarudi. Inawezekana alifumba macho tangu mwaka juzi, na sisi ndio hao anaotuangalia. Benchi, birika, Sindano na kiraka chake. Ameona karatasi usingizini, akadhani amedharauliwa. Shangazi, kesho uingie na kandambili laini. Usibamize mlango. Akishtuka, hakuna atakayekunywa kahawa tena.

Rufaa: Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Hiyo ni sheria kabisa, haikuanza leo.

Sindano: Ni methali.

Rufaa: Methali ni sheria iliyokosa gazeti la serikali.

Shangazi akakiweka kikombe chini. Hakukibamiza, lakini tulimsikia.

Shangazi: Mmemaliza? Wajukuu wangu wawili nimeshawapeleka kwa dada yangu, na nguo zao. Birika nimemwambia jirani alifungie. Mimi najiandaa kulala nisikokujua, na nyie mnanipa kandambili.

Rufaa akakitazama kivuli kama mtu anayetaka kimwokoe. Ndipo Shangazi akanigeukia.

Shangazi: Karani. Wewe uliyesoma kwa wale walimu wa fimbo. Unasemaje?

Nikamwambia kwamba hukumu ya hakimu inaweza kusemwa, kama inavyosemwa kazi ya fundi yeyote. Mtu anaweza kusema imekosewa na akaonyesha ilipokosewa. Kinachokatazwa ni kumzulia hakimu jambo, au kumvuruga asifanye kazi yake, mpaka watu waache kuiamini mahakama. Yalikuwa maneno sahihi. Niliyapanga vizuri na hayakumsaidia mtu.

Shangazi: Haya.

Akaendelea kunitazama kidogo, kisha akayarudisha macho kwenye makaa.

Rufaa: Ndiyo hivyo. Wino wa Mungu haufutiki.

Sindano: Ilikuwa kalamu ya dukani.

Ghafla wote wawili wakaanza kuangalia birika. Nami nikaliangalia.

Nilikuwa na hoja yangu, na nitaieleza kama ilivyokuwa. Nilijiambia kwamba nikisimama kesho na kusema mwandiko ni wangu na Mheshimiwa ni Ndoto, hakimu hataniamini, kwa sababu yeye mwenyewe anajua kwamba analala. Nilijiambia kwamba mzee wa umri wangu akifungwa haongezi haki yoyote duniani, na kwamba mama muuza kahawa, ambaye hajui kusoma, ataonewa huruma. Hoja hiyo niliianza Jumanne usiku na mpaka Alhamisi ilikuwa imetulia ndani yangu, haisemi kitu.

Mwanamke mmoja akatoka langoni mwa mahakama, akavuka barabara. Alikuwa na bahasha ya kaki aliyoikumbatia kifuani, na viatu vya kuazima. Vilikuwa vikitoka kisigino kila hatua. Alimzunguka yule mbwa, akasimama mbele ya benchi.

Mwanamke: Shikamooni wazee.

Tukamwitikia.

Rufaa: Karibu mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shangazi, kikombe.

Mwanamke: Nashukuru, baba. Sikai. Nauliza tu, hapa ndipo ilipotoka ile karatasi?

Sindano akakuta uzi mahali fulani kwenye suruali yake, akaanza kuung'oa.

Shangazi: Ndipo, mwanangu. Mwenye karanga ni mimi.

Mwanamke: Sikuja kwa ubaya. Nimeisikia sokoni. Watu wanaijua kwa kichwa. “Mheshimiwa alilala kuanzia shahidi wa pili.” Ilikuwa Jumanne, siyo?

Nikasema ndiyo, Jumanne ya wiki iliyopita, mchana.

Mwanamke: Basi ndiyo hiyo.

Akaishusha bahasha, akaipandisha tena.

Mwanamke: Jumanne ile mchana nilikuwa mle ndani. Shahidi wa kwanza alikuwa askari. Wa pili ni mimi. Mwanangu yuko rumande mwezi wa tano huu. Wanasema alivunja duka. Mimi nilieleza kwamba usiku ule alikuwa nyumbani. Mdogo wake alikuwa na homa, yeye ndiye aliyekuwa anamkanda kwa maji, mimi nilikuwa nimechoka nikalala chini pale pale, na kila nilipoamka nilimwona. Nilisema yote. Hata rangi ya beseni nilisema. Hukumu ni Jumatatu.

Rufaa: Pole, mama.

Mwanamke: Kwa hiyo nilikuwa nataka kujua kitu kimoja. Alikuwa macho?

Feni ilikuwa ikizunguka dirishani. Mtu angeweza kuzihesabu mbawa zake.

Mwanamke: Nyie mmeandika. Mtakuwa mlimwona.

Rufaa: Sisi, unajua, mama, tuseme...

Akamtazama Sindano.

Sindano: Mimi joho lililetwa na tarishi. Akalifuata tarishi. Sijawahi kumwona akiwa amelivaa.

Mwanamke: Na wewe baba?

Rufaa: Shauri langu alilisikiliza yule wa kabla yake. Kwa huyu sijaingia.

Mwanamke akamtazama Ndoto. Macho ya Ndoto yalikuwa wazi, na sidhani kama niliwahi kuyaona wazi saa ile. Ni ya kahawia, makubwa.

Ndoto: Mimi mchana niko hapa, mama. Kila siku niko hapa.

Nikajaribu kukumbuka ni nani aliyetuambia kwanza kwamba hakimu analala. Nikamwuliza Rufaa. Alisema alisikia kwa Sindano. Sindano alisema yeye alisikia kwa Rufaa. Walibishana kidogo, kwa sauti ya chini, kisha wakaacha.

Miaka minne tumeutazama mlango ule. Katika muda huo hakuna kati yetu aliyevuka barabara akakaa nyuma ya chumba, kwenye viti vya watu wote, japo kwa nusu saa.

Nikasimama. Magoti yangu yanahitaji muda, kwa hiyo walipata nafasi ya kuona kwamba nasimama.

— Mama, nikamwambia, mwandiko ule ni wangu. Niliandika habari za mchezo wetu. Aliyelala ni huyu mwenzetu.

Ndoto akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi.

— Niliacha jina lake, nikaendelea, na daftari nililiweka mahali ambapo lingechanwa. Shangazi hana alilofanya zaidi ya kuuza karanga. Kesho saa tatu nitakwenda naye, na atakayeeleza ni mimi.

Sindano akaacha kung'oa uzi. Rufaa alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakukata rufaa.

Shangazi: Juzi nilikungoja. Jana nilikungoja.

— Kwa nini hukuniambia?

Shangazi: Mtu mzima anaambiwa? Nilikuwa nakumiminia kahawa, nakutazama. Nikasema kama ana masikio atasikia.

Akachukua hati kutoka chini ya kikombe, akaikunja mara mbili, akanipa mimi. Nikaitia mfukoni mwa koti. Ilikuwa na duara la kahawa juu ya muhuri, na nilijua kwamba hilo nalo nitaulizwa.

Yule mwanamke alikuwa bado amesimama. Yaliyopita kati yangu na Shangazi alikuwa ameyasikiliza kwa adabu, kama mtu anayepisha mazishi ya watu wengine barabarani.

Mwanamke: Kwa hiyo hakulala.

— Sijui, mama.

Mwanamke: Basi alilala.

— Hilo pia silijui. Hatujui hata mmoja.

Mwanamke: Sasa nani anajua?

Rufaa akasogea mwisho wa benchi, akapangusa mahali pake kwa kiganja ili mwanamke akae.

Rufaa: Mama, katika sisi wote hapa, aliyekuwamo ndani ni wewe peke yako. Hukumwona?

Mwanamke akakaa. Akaiweka bahasha mapajani, akailaza mikono yake juu yake.

Mwanamke: Nilitazama chini, tangu nilipoitwa mpaka niliposhuka. Waliniambia nisimkazie macho Mheshimiwa, ni kumdharau.